Motokaa Inayosita Ukikanyaga Mafuta

Wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliokwisha kumaliza masomo mkanunua motokaa zenu: somo hili ni la ugonjwa mmoja tu, nao ni kusita. Injini imewaka vizuri, inanguruma kwa utulivu mahali iliposimama, wala hakuna taa inayoonya. Lakini ukikanyaga mafuta ili iondoke kwa nguvu, hunyamaza kidogo kama mtu aliyeulizwa swali gumu, au hutikisika mara mbili tatu, ndipo inapokwenda. Wengi hupuuza na kusema kwamba gari limezeeka. Mwenye kusema hivyo na ajaribu kulipita lori la miwa katika barabara ya Kampala na Jinja, basi linakuja mbele yake, naye yuko katikati ya njia na motokaa imesita. Sekunde mbili hapo ni nyingi sana.

Jambo la pili ni fedha. Ugonjwa huu una sababu nyingi zinazofanana kwa nje, na kwa hiyo humnufaisha muuza vipuri kuliko ugonjwa mwingine wowote. Fundi asiyepima hubadilisha plagi leo, kesho koili, kesho kutwa pampu ya petroli, na kila mara mwenye gari hulipa. Huenda gari likapona mwishoni kwa bahati, wala hakuna ajuaye ni kitu gani kilichokuwa kibovu. Mimi sioni kwamba huo ni ufundi. Fundi huuliza, hupima, kisha hufungua. Na katika ugonjwa huu, chombo kinachomfaa zaidi hakiuzwi dukani: ni kufahamu kwa nini injini isumbuke wakati ule ule wa kukanyaga, wala si wakati mwingine.

Basi tuanzie hapo. Injini ya petroli yataka hewa, yataka petroli, yataka cheche ya moto, tena cheche hiyo ije kwa wakati wake. Kwa uzito, kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Injini ikitakiwa kutoa nguvu zake zote, petroli huongezwa hata hewa iwe kilo 12 na nusu hivi kwa kila kilo ya petroli. Sasa, ingawa sote twasema tunakanyaga mafuta, mguu haukanyagi mafuta hata kidogo. Katika injini ya petroli mguu hufungua kilango cha hewa tu. Kilango hicho kikiwa kimefungwa karibu chote, pistoni huvuta hewa kwa taabu, na ndani ya mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda huwa na uvutaji mkali, kama wa mtu anayenyonya chupa tupu. Katika uvutaji wa namna hiyo petroli hugeuka mvuke kwa urahisi. Ukikifungua kilango ghafula, hewa huingia kwa wingi, uvutaji hupungua mara moja, na sehemu ya petroli iliyokuwa mvuke hurudi kuwa matone yakashika katika kuta za bomba. Tena hewa ni nyepesi na petroli ni nzito, hata hewa imekwisha kufika silinda na petroli ingali njiani. Kwa kitambo kifupi silinda hupata hewa tele na petroli haba, na mchanganyiko wa namna hiyo hauungui vizuri.

Hilo ni shimo ambalo kila mtengenezaji wa injini hana budi kulifukia. Wa zamani walilifukia kwa kipampu kidogo ndani ya kabureta, kinachorusha petroli ya ziada kila unapokanyaga. Wa leo hulifukia kwa kompyuta. Motokaa yako ikisita mara tu unapokanyaga, kisha ikaenda vizuri, jua kwamba mara nyingi shimo hilo limeachwa wazi.

Kwa upande wa moto nako kuna taabu yake. Hewa ikiingia nyingi, pistoni huibana zaidi, na cheche huona kazi kuruka katika hewa iliyobanwa sana. Koili hulazimika kutoa volti nyingi zaidi. Plagi iliyochakaa, au waya wa plagi uliopasuka, huweza kufanya kazi yake injini inaponguruma polepole. Kisha ukikanyaga, umeme hutafuta njia iliyo rahisi ukarukia chuma cha injini, na silinda hiyo haipati moto. Ndiyo sababu haitoshi kuisikiliza injini iliyosimama uwanjani. Fundi anayesema, "Mbona inawaka vizuri?" bado hajaanza kazi.

Kabla ya kushika spana, muulize mwenye gari, na umwache aseme. Husita lini? Asubuhi tu, injini ikiwa baridi, au hata ikisha kupata moto? Husita mara ya kwanza ya kukanyaga, au baada ya kupanda kilima kwa dakika nzima? Siku za mvua huzidi? Ilianza baada ya nini: kutia petroli mahali papya, kuoshwa injini, kukaa miezi bila kutembea, au kutoka kwa fundi mwingine? Swali hili la mwisho wengi huona haya kuliuliza, nalo ndilo linalofaa kuliko yote. Mipira mingi iliyochomoka na waya nyingi zilizopandana hupatikana mahali ambapo mkono wa mtu ulipita juma lililopita.

Majibu hayo huligawa tatizo. Ikisita mara moja tu mwanzoni kisha ikaenda, tazama kipampu cha kabureta, au hewa inayoingia mahali isipotakiwa, au chombo kinachowahisha cheche. Ikianza vizuri kisha ikaishiwa nguvu kadiri unavyozidi kukanyaga, hasa mlimani, hapo petroli haifiki ya kutosha. Ikipiga mishindo na kutikisika, yaani ile hali mafundi wanayosema "inamisi", anza na plagi, waya na koili. Na ikiwa haitikisiki wala haikatiki, ni nzito tu kama iliyobeba mawe, fikiri juu ya chujio la hewa lililojaa vumbi, ekzosi iliyoziba, cheche inayochelewa, au breki zinazoshika gurudumu. Hiyo ya breki si mzaha. Baada ya safari shika kila gurudumu kwa uangalifu. Lililo la moto kupita wenzake litakuambia lenyewe.

Sasa tuje kwenye kazi, na kwanza niseme neno juu ya petroli. Sigara iwe mbali, taa ya kibatari iwe mbali, na mtu asitie jicho kwenye koo la kabureta injini inapozungushwa, maana huweza kurudisha moto juu. Ukifungua mrija wa petroli, ondoa kwanza waya wa betri. Motokaa za kisasa huweka petroli katika mirija kwa nguvu ya karibu kilo 3 kwa kila sentimita mraba, na mrija wa namna hiyo haufunguliwi mpaka nguvu hiyo imekwisha kuondolewa. Wanaojifunza wasiuguse bila mwalimu.

Tuanze na kabureta, kwa sababu ndiyo inayofundisha, na kwa sababu haijaisha. Datsun za zamani, Peugeot 404 na Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 bado zaonekana zikitembea, na pikipiki nyingi za bodaboda zina kabureta hata leo. Zima injini. Ondoa chujio la hewa uone koo la kabureta. Kwa mkono wako, vuta ile fimbo inayofungua kilango, uivute kwa haraka, huku ukitazama ndani. Petroli haina budi kuruka mara moja, kwa mchirizi mwembamba ulionyooka. Ikichelewa, ikidondoka tu kama mate, au isitoke kabisa, umekwisha kuupata ugonjwa bila kutumia hata senti. Lakini hakikisha kwanza kwamba kabureta ina petroli ndani yake. Gari lililolala muda mrefu huweza kuwa kavu, nawe ukakihukumu kipampu bure.

Kipampu hufa kwa njia chache. Baadhi yake vina kikombe cha ngozi, na ngozi hukauka na kusinyaa gari linapokaa bila kutumika. Vingine vina kiwambo cha mpira, nacho hutoboka. Chini yake kuna kigololi kidogo cha kuzuia petroli isirudi, na kigololi hicho hugandishwa na uchafu. Ngozi iliyosinyaa huweza kurudi ikilowekwa katika mafuta ya injini usiku mmoja, lakini kiwambo kilichotoboka hakina dawa ila kingine kipya. Tundu la kurushia petroli likiziba, lipulize kwa hewa. Usilichokoe kwa waya wa chuma, maana tundu hilo limetobolewa kwa kipimo, nawe utalipanua.

Kuna kabureta isiyo na kipampu, na mtu asiyeijua huitafuta siku nzima. Ni ile ya aina ya SU, iliyofungwa katika Morris Minor na Mini. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka kwa kadiri ya hewa inayopita. Juu ya pistoni hiyo pana bomba dogo lenye mafuta, na ndani yake kijiti kinachoizuia pistoni isipande upesi mno. Ukikanyaga ghafula, pistoni huchelewa kupanda, hewa hulazimika kupita kwa kasi penye njia nyembamba, na petroli huvutwa zaidi. Mafuta yale yakikauka, pistoni hupanda mara moja na gari husita. Fungua kifuniko cha juu, tia mafuta mepesi ya injini kidogo, rudisha kifuniko. Ni kazi ya dakika tatu, na nimesikia watu waliouziwa kabureta nzima kwa ajili ya kijiko kimoja cha mafuta.

Baada ya kabureta, tazama hewa ya wizi. Naiita hivyo kwa sababu huingia ndani ya injini bila kupita mlangoni, na kwa hiyo hakuna petroli iliyopimwa kwa ajili yake. Huingia kwa mpira uliopasuka, kwa gasketi iliyolegea chini ya kabureta, au kwa mpira wa breki unaotoka kwenye bomba la injini. Injini inaponguruma polepole, sikiliza mluzi mwembamba. Ukishuku mahali, dondosha maji kidogo hapo: sauti ya injini ikibadilika, maji yamevutwa ndani, na hewa hupita papo hapo. Kuna mafundi wanaotumia petroli badala ya maji, kwa kuwa injini huongeza mwendo ikiivuta na mabadiliko husikika upesi. Ni kweli husikika, lakini ni petroli juu ya ekzosi ya moto. Maji yatosha.

Mwenye kipimo cha uvutaji atapata habari zaidi, ila asikisome kama kitabu cha kigeni kinavyosema. Vitabu vingi huandika kwamba injini nzima, ikinguruma polepole, huonyesha inchi 17 hata 21 za zebaki. Hesabu hiyo ni ya pwani. Kwa kila mita 300 za kupanda juu ya usawa wa bahari, ondoa karibu inchi 1. Kampala iko karibu mita 1,200, kwa hiyo injini nzima hapa huonyesha inchi 13 hata 17 hivi, na Kabale, ambako ni zaidi ya mita 1,800, hupungua tena. Kijana anayefuata kitabu neno kwa neno ataifungua injini isiyo na ugonjwa. Kwa sababu hiyo hiyo ya wepesi wa hewa, kabureta iliyopangwa vizuri Mombasa hutoa petroli nyingi mno ikifika huku juu: moshi mweusi, plagi zenye masizi, na gari zito. Hapo dawa ni jeti iliyo ndogo zaidi, si plagi mpya kila mwezi.

Tukija kwenye moto, toa plagi zote na uzipange juu ya kitambaa kwa utaratibu wa silinda zake, ujue hii ilitoka wapi. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi yaonyesha petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Nyeusi yenye mafuta yaonyesha mafuta ya injini yanaingia silinda. Nyeupe kama chokaa yaonyesha joto limezidi, na mara nyingi petroli imepungua. Plagi moja ikiwa tofauti na wenzake, ugonjwa ni wa silinda ile. Zote zikiwa sawa na zote mbaya, ugonjwa ni wa kabureta, au petroli, au koili. Kwa kulinganisha huko tu, nusu ya kazi imekwisha. Nafasi ya plagi hupimwa kwa fila geji, si kwa jicho. Motokaa nyingi za zamani hutaka milimita 0.6 hata 0.8, za sasa hutaka zaidi kidogo, na kitabu cha gari ndicho kinachosema.

Waya zipimwe usiku. Washa injini mahali penye giza, mwenzako akanyage mafuta kwa ghafula, nawe tazama: umeme unaotoroka huonekana kama nyuzi za buluu zikiruka kutoka kwenye waya. Usishike kitu. Mwenye mita ya umeme apime kila waya wa plagi. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazikubali waya unaozidi omu 25,000. Waya uliokatika ndani huonyesha mara nyingi zaidi ya hapo.

Katika motokaa zenye distributa, kuna chombo ambacho mafundi wengi hawakigusi kabisa. Ni kile kibakuli cha bati kilicho ubavuni mwa distributa, chenye mrija mwembamba unaotoka kwenye kabureta. Ndani mna kiwambo. Uvutaji wa hewa hukivuta, nacho huzungusha sahani yenye pointi ili cheche ije mapema. Kiwambo kikitoboka, cheche huchelewa wakati inapotakiwa kuwahi, na gari huwa zito katika mwendo wa kawaida. Kupima ni rahisi hata kuchekesha: fungua kifuniko cha distributa, chomoa mrija upande wa kabureta, nyonya kwa mdomo, kisha ziba kwa ulimi. Sahani izunguke kidogo, na ikae hapo hapo maadamu hujauachia ulimi. Ikirudi yenyewe, kiwambo kimetoboka. Isipozunguka kabisa, huenda sahani imeshikwa na kutu. Kisha shika kile kijiti cha juu kinachogawa umeme, kizungushe kidogo kwa vidole ukiachie. Kirudi kwa nguvu. Kikilegea, springi za ndani zimekatika. Na pointi zenyewe, zikiwa zimeungua, zipanguswe na zipimwe. Nafasi yake ni karibu milimita 0.4 hata 0.5 katika magari mengi.

Kwa petroli isiyofika, fuata njia kutoka tangi hadi injini, wala usiruke hatua. Kifuniko cha tangi chenye tundu la hewa lililoziba huifanya petroli ishindwe kutoka: gari huenda kilomita kadhaa, kisha huishiwa nguvu, na ukisimama dakika chache hupona. Likisita namna hiyo, simama ufungue kifuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, umepata. Halafu chujio. Katika nchi ambako petroli huuzwa pia kwa madebe na chupa kandokando ya barabara, chujio hujaa upesi kuliko kitabu kinavyodhani, na maji hujikusanya chini ya tangi. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo husitisha gari, hasa asubuhi, kwa kuwa mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi. Tena huifanya injini igonge mlimani. Weka petroli kidogo katika kisahani mahali penye hewa na pasipo moto: petroli safi huyeyuka bila kuacha kitu cha haja, iliyochanganywa huacha utelezi na harufu ya taa.

Sasa kwa ndugu zetu wenye motokaa zisizo na kabureta. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wake wa kurusha petroli kwa kutumia kompyuta ndogo mwaka 1967, ukafungwa katika Volkswagen, na leo motokaa za petroli zinazotengenezwa karibu zote hutumia namna hiyo. Watu hudhani kwamba kila kitu kimebadilika. Hakijabadilika. Hewa ingali inafika kabla ya petroli, na shimo lile lile lingali linafukiwa, ila sasa kompyuta ndiyo inayofukia. Ili ifanye hivyo haina budi kuambiwa mambo mawili: mguu umefungua kilango kiasi gani, na hewa gani imeingia. Sensa ya kilango humwambia la kwanza. Sensa ya hewa humwambia la pili. Moja ikisema uongo, petroli hukosewa.

Sensa ya kilango hupokea volti 5, na katika magari mengi hurudisha karibu nusu volti kilango kikiwa kimefungwa, na zaidi ya volti 4 kikiwa wazi chote. Ipime kwa mita ya sindano, si ile ya tarakimu. Sukuma kilango polepole sana huku ukiitazama sindano ikipanda. Ikipanda bila kukatizwa, ni nzima. Ikianguka ghafula mahali fulani kisha ikapanda tena, mahali hapo ndipo gari linaposita, maana dereva huishi siku zote katika robo ya kwanza ya kilango na huko ndiko sensa inakochakaa. Sensa ya hewa, ile yenye uzi mwembamba wa moto, huchafuliwa na vumbi. Husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza tu, wala haiguswi kwa kidole wala pamba. Kilango chenyewe hujaa masizi pembeni, nacho husafishwa kwa kitambaa.

Siku hizi kila gereji ina mashine ya kusoma makosa, na ni chombo chema, lakini kinasomwa vibaya. Kosa lenye namba P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko una petroli pungufu. Halisemi kwamba pampu imekufa. Halisemi kwamba sensa imekufa. Mwenye mashine na atazame hesabu nyingine iliyomo, ile inayoonyesha kompyuta imeongeza petroli kwa asilimia ngapi ili kujaza upungufu. Hesabu hiyo ikiwa kubwa injini inaponguruma polepole, kisha ikarudi karibu na sifuri injini inapozunguka mara 2,500 kwa dakika, kuna hewa ya wizi: ufa ule ule mdogo ni mwingi kwa hewa chache, na si kitu kwa hewa nyingi. Ikiwa ndogo mwanzoni, kisha ikapanda gari linapopewa kazi, petroli haifiki, au sensa ya hewa inapunguza hesabu. Kusoma huko kwa dakika mbili kungeokoa pampu nyingi zilizotupwa zikiwa nzima.

Mwanafunzi mmoja wa zamani alileta motokaa yake ndogo ya Kijapani kwetu katika karakana. Ilikuwa imekwisha kuwekwa plagi mpya, koili mpya na pampu mpya ya petroli mahali pengine, na ilikuwa bado inasita kila ilipoondoka. Ikisimama, hata ukikanyaga kwa nguvu, haikusita. Vijana walisoma ile hesabu ya petroli: sawa kabisa. Walipima kilango: sawa. Ndipo mmoja wao akauliza kwa nini gari lisite likitembea tu, na lisisite likisimama. Kitu gani hubadilika? Wakamwomba mwalimu aketi ndani, ashike breki imara, atie gea na kuiachia klachi kidogo, huku wao wakitazama kutoka ubavuni, si mbele ya gari. Injini iliinama juu ya mipira yake, kama kila injini inavyofanya ikivuta mzigo, na chini ya bomba kubwa la mpira kati ya sensa ya hewa na kilango ufa wa urefu wa kidole ukafunguka. Injini ilipotulia, ufa ukajifunga usionekane tena.

Waliufunga kwa utepe, wakapanda nayo kilima cha nyuma ya shule mara tatu, haikusita. Kisha mwalimu akawaambia wautoe utepe. Wakautoa, wakapanda tena kilima kile kile, ikasita mahali pale pale. Hapo ndipo alipompa mwenye gari karatasi yenye jina la kipuri cha kununua, nacho kilikuwa kimoja.